Fukusi wa Bi Somoe na Swali la Mdudu Aliyeganda

Bi Somoe anakaa Rahaleo, mjini Lindi, na friza yake ni ya biashara: upande mmoja hugandisha maji ya wavuvi kwenye mifuko ya nailoni, upande wa pili hupanga lambalamba za ubuyu za watoto wa shule. Mwezi wa Agosti aliletewa pishi nne za choroko kutoka Nachingwea, nyingine za kula na nyingine za mbegu, akakuta zimekwisha anza kubunguliwa. Mtu alimwambia kwamba dawa ya fukusi ni baridi, naye akazifunga zote kwenye mfuko mmoja, akaushindilia katikati ya barafu, akaenda kulala. Asubuhi alizimwaga kwenye ungo uani. Fukusi walikuwa wametapakaa juu ya choroko kama pilipili manga iliyopondwa, miguu wameikunjia tumboni, hatikisiki hata mmoja. Mimi nilikuwa nimepita kununua barafu, naye akanisogezea ungo kwa fahari.

"Tazama, mwalimu. Wameganda wote. Wamekwisha hawa."

Mjukuu wake Bakari, wa darasa la sita, ndiye aliyebaki amechuchumaa kando ya ungo huku sisi tukihesabiana chenji. Jua lilikuwa limefika nusu ya ua aliposema, "Bibi, njoo uone, huyu anachezesha vipapasio." Kabla chai haijaiva, karibu nusu yao walikuwa wanatembea, na mmoja alifungua mbawa akaruka hadi kwenye makuti. Bi Somoe aliutazama ungo, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyewaamsha, akauliza swali ambalo watu wengi hulijibu haraka kuliko inavyostahili: kumbe mdudu akigandishwa hafi?

Ugumu wa swali hilo haumo kwa wadudu. Umo katika neno lenyewe "kuganda". Kwa kawaida tunasema mtu ameganda kwa baridi pale anapotetemeka tu kwa upepo wa kusi, tunasema samaki ameganda anapokuwa mgumu kama gogo, na tunasema mdudu ameganda anapoacha kusogea. Mambo hayo matatu hayafanani, na kwa mdudu tofauti yake ndiyo tofauti ya uhai na kifo. Kuna mdudu aliyekufa ganzi tu, ambaye hana chembe ya barafu mwilini. Kuna mdudu aliyepoa chini ya sifuri huku maji ya mwili wake yakibaki maji. Na kuna mdudu ambaye kweli barafu imeota ndani yake. Wote watatu, ukiwashika mkononi, wanaweza kuonekana kuwa kitu kimoja.

Nalo neno "mdudu" lina mzigo wake. Kiswahili chetu humwita mdudu kila kiumbe kidogo kisicho ndege wala samaki, kuanzia buibui na tandu hadi minyoo, na hata ugonjwa wa kidole huitwa mdudu. Humu nasema mdudu mwenye miguu sita: fukusi, mende, nzi, nondo, mbawakawa, chenene. Nayasema haya kwa sababu habari nyingi zinazozungushwa kwenye simu kuhusu "mdudu aliyefufuka baada ya kugandishwa miaka 30" zinamhusu kiumbe mwingine kabisa, dubu wa maji, mwenye miguu minane na asiyeonekana vizuri bila hadubini. Wajapani waliwapata kwenye kuvumwani iliyochukuliwa Antaktika mwaka 1983, wakawaamsha mwaka 2014. Habari hiyo ni ya kweli, ila haitusaidii kuamua kesi ya fukusi.

Tuanze na ganzi, kwa kuwa ndiyo iliyomdanganya Bi Somoe. Mdudu hana joto lake la kudumu kama sisi. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Misuli na mishipa ya fahamu hufanya kazi kwa kusukuma chumvichumvi, hasa sodiamu na potasiamu, kutoka upande mmoja wa ukuta wa seli hadi mwingine, na pampu zinazofanya kazi hiyo hulegea kadiri baridi inavyozidi. Ikifika kiwango fulani mdudu huanguka na kulala. Nyuki wa asali hufika hapo kwenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi, yaani mbali kabisa na baridi ya kugandisha maji. Ukimrudisha juani mapema, pampu huanza tena na mdudu huondoka na safari zake. Ndiyo maana mende aliyejificha nyuma ya chupa kwenye friji, ukimfagia nje ukidhani ni mzoga, utakutana naye usiku jikoni.

Hata hivyo ganzi si usingizi wa bure. Kwa mdudu wa nchi ya joto, akikaa humo muda mrefu, potasiamu huvuja na kujaa katika damu yake, seli hupoteza mpangilio wake wa umeme, kisha zinaanza kufa moja baada ya nyingine. Wadudu wengi wa kwetu hufa namna hii, kwa baridi isiyofika hata sifuri, bila kipande cha barafu kuwagusa. Kwa hiyo mtu anayesema "fukusi wangu walikufa kwa kuganda" mara nyingi amepatia kuhusu kifo na amekosea kuhusu sababu.

Sasa, je, choroko zile zilipoa kiasi gani? Pishi nne ni zaidi ya kilo kumi. Nafaka na jamii ya kunde ni vipitishi vibaya sana vya joto, na hewa iliyonaswa katikati ya punje ni mbaya zaidi. Mfuko wa namna hiyo ukiwekwa kwenye friza, pembeni hupoa haraka na katikati hubaki na joto lake kwa saa nyingi, kama ugali unavyoungua mdomo ndani wakati juu umekwisha poa. Bi Somoe alikumbuka pia kwamba umeme ulikatika mara mbili usiku ule. Fukusi waliokuwa katikati huenda hawakuipata hata sifuri. Na kuna jambo lingine lililo baya zaidi kwa mwenye choroko. Mwaka 1987 watafiti watatu wa Marekani, Lee, Chen na Denlinger, walieleza kwamba nzi wa nyama akitupwa moja kwa moja kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hufa, lakini akipitishwa kwanza kwa saa chache kwenye sifuri, huihimili baridi ileile iliyomuua mwenziwe. Mwili wake hujiandaa kwa muda mfupi wa kushangaza. Friza inayopoa polepole na kukatikiwa umeme inaweza basi kuwa mwalimu wa kuwazoeza wadudu badala ya kuwa muuaji wao.

Kuhusu hali ya pili, ya mwili kupoa chini ya sifuri bila kuganda, mfano wake upo katika kila nyumba yenye friza. Chupa ya maji safi ikikaa kwenye baridi kali bila kusukwasukwa, huweza kutoka bado ni maji. Kisha unapoigonga mezani, barafu hutimka kutoka juu hadi chini mbele ya macho yako. Watoto wa Rahaleo huucheza mchezo huo kwa makusudi. Siri yake ni kwamba maji hayawi barafu kwa kufika sifuri tu. Molekuli zake zinahitaji kitu cha kuanzia kujipangia, iwe vumbi, mkwaruzo kwenye chupa au bakteria fulani, mithili ya mafundi wanaohitaji jiwe la kwanza la msingi kabla ukuta haujasimama. Maji yasiyo na kitu hicho kabisa, yakiwa matone madogo, hubaki maji hadi karibu nyuzi 38 au 40 chini ya sifuri. Mdudu ni tone dogo. Udogo wake peke yake humpa nafasi ya kupoa hadi nyuzi 10, 15 au 20 chini ya sifuri kabla barafu haijaanza, hata kama babu zake hawajawahi kuiona theluji.

Wadudu wa nchi za baridi wameifanya bahati hiyo kuwa fani. Kabla ya majira ya baridi huacha kula na kuondoa uchafu wote tumboni, kwa sababu chakula kina chembechembe zinazoweza kuanzisha barafu. Hutengeneza gliseroli, majimaji matamu yaleyale mazito yanayouzwa madukani kwa ajili ya kulainisha ngozi, na kuyajaza mwilini ili kuishusha zaidi ile nukta ya kuganda. Mtafiti wa Kanada aitwaye R. W. Salt alionyesha mwaka 1959 kwamba mabuu ya nyigu mmoja mdogo, Bracon cephi, kwa wingi wa gliseroli waliyonayo, huweza kupoa hadi nyuzi 47 chini ya sifuri wakiwa bado majimaji. Wengine huongeza protini za pekee ambazo hung'ang'ania juu ya kila chembe ya barafu inayochipuka na kuizuia isikue. Wako mabuu wa mbawakawa mwekundu wa Alaska, Cucujus clavipes, ambao katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 baadhi yao walipozwa hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri bila barafu kutokea, kwa kuwa maji machache waliyobaki nayo yaligeuka kitu kigumu kisicho na mpangilio, kama kioo cha dirisha.

Mdudu wa kundi hili huwa anacheza kamari. Ameikimbia barafu, hakuishinda. Siku barafu itakapompata, hata kwa tone moja la maji lililomwingilia kutoka nje, huenea mwili mzima na hapo ndipo mwisho wake.

Kwa nini barafu ni mbaya hivyo? Yeyote aliyekwisha kula nguru wa Feri aliyevuliwa alfajiri, kisha akala nguru aliyekaa friza mwezi mzima, anajua jibu kwa ulimi wake. Samaki aliyeganda, akiyeyuka, hutoa maji mengi kwenye sahani na nyama yake hulegea. Maji hayo yalikuwa ndani ya seli. Watu hudhani kwamba fuwele za barafu huzichoma seli kama sindano, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini madhara makubwa zaidi ni ya kukausha. Barafu hutengenezwa na maji matupu. Chumvi na vitu vingine huachwa nje. Inapoota katikati ya seli na seli, majimaji yaliyobaki pale huwa na chumvi kali, nayo huyavuta maji kutoka ndani ya seli, kama chumvi inavyomtoa maji ng'onda anayeanikwa. Seli husinyaa, kuta zake hukunjamana na kugusana, protini hupoteza umbo lake. Na barafu ikiota ndani ya seli yenyewe, kwa kawaida hakuna cha kuokoa.

Pamoja na hayo, wapo wadudu wanaoganda kweli, barafu tele mwilini, kisha wakayeyuka na kuendelea na maisha. Hapa ndipo jibu la "hapana" linapovunjika. Mfano ninaoupenda ni wa Amerika ya Kaskazini, kwa sababu wapinzani wawili wanaishi nyumba moja. Kuna mmea wa maua ya manjano wa jenasi Solidago, ambao shina lake huvimba kama tezi pale buu anapoingia ndani. Tezi za mviringo ni za buu wa nzi aitwaye Eurosta solidaginis. Tezi ndefu kama pia ya kuchezea ni za kiwavi wa nondo aitwaye Epiblema scudderiana. Wote hupitisha majira ya baridi humo, juu ya theluji, wakipigwa na baridi ileile. Kiwavi wa nondo hujijaza gliseroli na kubaki majimaji hadi nyuzi 38 hivi chini ya sifuri. Buu wa nzi huganda. Barafu huanza mwilini mwake mapema, kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, na anaweza kuhimili akiwa mgumu hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukimwangusha mezani wakati huo hutoa mlio kama punje ya mchele. Ukimweka kwenye joto la chumba huanza kujinyonganyonga.

Tofauti haimo katika kuyazuia maji yasigande, bali katika kuamua yagande wapi na kwa kasi gani. Mdudu mvumilivu wa barafu huikaribisha mapema. Wengi wao huwa na protini au chembe ndani ya damu zinazofanya kazi ya lile jiwe la msingi, ili barafu ianze polepole kwenye damu, nje ya seli, ilhali baridi bado si kali. Kuganda kwa ghafla kwenye baridi kali ndiko kunakoua. Kuganda taratibu huzipa seli muda wa kupoteza maji bila kupasuka. Ndani ya seli hizo kuna gliseroli na sukari za namna mbalimbali, ambazo huzuia seli isisinyae kupita kiasi na hulinda kuta na protini zake. Na bado maumbile hayapendi kanuni zisizo na kasoro: Salt huyohuyo aliona kwamba seli za mafuta za buu wa Eurosta huganda hadi ndani kabisa, na buu huishi.

Wa namna hii wametapakaa duniani. Chenene mkubwa wa milima ya Nyuzilandi, Hemideina maori, anaweza kuwa na asilimia 82 ya maji yake ya mwili katika hali ya barafu, akayeyuka asubuhi na kwenda malishoni. Kiwavi wa nondo wa kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, aitwaye Gynaephora groenlandica, hula kwa wiki chache tu za kiangazi kila mwaka, kisha huganda tena. Huchukua kama miaka saba kuwa nondo, na sehemu kubwa ya umri huo ameimaliza akiwa jiwe, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 60 chini ya sifuri. Nzi wa matunda Chymomyza costata ameyashinda hayo: mwaka 2011 watafiti wa Cheki walieleza kwamba mabuu wake waliokwisha kuzoezwa baridi walitumbukizwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na baadhi yao wakakua hadi kuwa nzi kamili.

Msomaji wa Mtwara au Lindi, ambako hata usiku wa Julai juu ya uwanda wa Newala hakuna aliyewahi kukwangua theluji, anaweza kudhani kwamba hizi ni habari za nchi za watu. Si hivyo kabisa. Kwenye mlima Kenya, kimo cha zaidi ya mita 4,000, kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Baina ya majani ya mimea mikubwa ya huko wanaishi mbawakawa, baadhi yao jamaa wa fukusi, ambao huganda usiku na kuyeyuka asubuhi. Na bingwa wa wote ni wa Afrika, tena wa mahali penye jua kali.

Huyo ni Polypedilum vanderplanki, nzi mdogo mwembamba anayefanana na mbu asiyeuma, aliyeelezwa kisayansi na Howard Hinton mwaka 1951. Buu wake huishi kwenye vidimbwi vya mvua juu ya majabali katika Nijeria na sehemu nyingine za Afrika, ikiwemo Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa Nyasa. Vidimbwi hivyo hukauka mara kwa mara, na buu hukauka navyo. Hujijengea kifuko cha tope na mate, na katika muda wa siku mbili hivi hutoa maji yake karibu yote hadi yabaki asilimia 3 tu, huku akijaza mwili wake sukari iitwayo trehalosi, inayofikia takriban moja ya tano ya uzito wake mkavu. Akikaushwa haraka kuliko hapo hufa, maana hapati muda wa kuitengeneza sukari. Akishakauka vizuri huwa kama kipande cha ukoko: hali kitu, hapumui kwa namna ya kupimika, wala hawezi kuitwa mzoga. Hinton aliripoti mwaka 1960 kwamba mabuu waliokaushwa waliingizwa kwa muda mfupi kwenye baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri, ambayo inakaribia mwisho wa baridi yote iliyopo ulimwenguni, na wengine kwenye joto la nyuzi 102, kisha wakarudishiwa maji na kuamka. Wengine waliamka baada ya kukaa wakavu miaka 17.

Ukitafakari, mdudu huyo hakupambana na barafu hata kidogo. Hakuna maji ya kuganda, basi hakuna barafu. Alijiandaa kwa kiangazi, baridi ikashindwa kumpata kwa sababu hiyohiyo. Yupo mdudu wa Antaktika, Belgica antarctica, asiye na uwezo wa kuruka na asiyezidi milimita sita, ambaye hutumia nusu ya mbinu hii: akizungukwa na barafu huyaacha maji yake yavutwe nje polepole, na huweza kupoteza sehemu kubwa ya maji ya mwili bila kufa. Mbali kama walivyo, mmoja jabalini Nijeria na mwingine chini ya jiwe la Antaktika, adui wao ni mmoja, yaani kukauka, kwa kuwa kuganda, kama tulivyoona kwa nguru na ng'onda, ni namna mojawapo ya kukaushwa.

Fukusi wa choroko hana lolote katika haya. Asili yake ni nchi za joto, hana akiba ya gliseroli, hajui kukaribisha barafu wala kujikausha. Mayai yake hubandikwa juu ya punje. Yale madoa meupe unayoyaona kwenye choroko iliyovamiwa ni maganda ya mayai ambayo buu amekwisha toka kwa kutoboa chini, akaingia ndani ya punje na kuacha vumbi lake nyuma. Humo hula na kukua, na baada ya wiki tatu au nne hutoka kwa tundu la mviringo akiwa mtu mzima asiyehitaji tena kula. Kinga pekee aliyo nayo dhidi ya friza ni unene wa mfuko na uvivu wa baridi kufika alipo. Wenye makumbusho, wanaopigana na wadudu wa vitabu na vinyago, huweka vitu vyao kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, si kwa sababu wadudu ni mashujaa, bali kwa kuhakikisha kwamba baridi imefika katikati na imekaa huko vya kutosha.

Bi Somoe alikuwa na hofu nyingine, nayo ilikuwa ya maana: je, baridi inayoua fukusi haitaiua mbegu? Mbegu ya choroko, kama ya kunde na mbaazi, ikiwa imekauka hadi inapasuka kwa mlio ukiiuma, ina maji machache mno, nayo yameshikamana na wanga na protini kiasi kwamba hayana nafasi ya kujipanga kuwa barafu. Kwa namna fulani punje hiyo ni ndugu wa buu wa Nijeria kuliko wa fukusi aliyemo ndani yake. Ghala la mbegu la Svalbard, Norwe, lililofunguliwa mwaka 2008, huhifadhi mbegu za dunia kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo ni baridi ya friza ya kawaida. Mbegu mbichi ni habari nyingine, na kokwa ya embe au nazi ya kupanda usithubutu kuigandisha, kwani hizo huishi kwa unyevu wake.

Tulizigawa choroko kwenye mifuko midogo ya kilo mojamoja, tukaibapaza kama maandazi yasiyoumuka, tukaiegemeza kwenye kuta za friza palipo na baridi kali zaidi. Lambalamba zilihamishwa kwa malalamiko. Ilikaa humo wiki nzima na siku moja ya nyongeza, kufidia umeme. Siku ya kuitoa nilimwomba asiifungue hadi ipate joto la nyumbani, maana punje baridi ikikutana na hewa ya pwani hutoka jasho, na choroko yenye unyevu huota ukungu kabla ya kufika shambani. Jioni ikamwagwa kwenye ungo uleule. Bakari alileta tochi, akakaa hadi adhana ya Isha, akiwagusa fukusi kwa njiti ya kiberiti mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyechezesha kitu.

Hakuridhika. Aliokota wachache, akawatia kwenye kopo la dawa na kuliweka dirishani, ili wapate jua la siku mbili. Choroko za mbegu tulizojaribu kwenye tope la kopo jingine zilianza kuchomoza siku ya nne, isipokuwa zile zenye matundu. Kopo la fukusi bibi yake alikuwa amekwisha kulitupa siku ya tatu, kwa kuwa sisimizi walikuwa wamelipata kabla ya Bakari hajatoka shule.